Fungate ya baharini: likizo ya kwanza ya boti kwa watu wawili, Tanga na Pangani

Maswali ni yale yale kila msimu. Tuje lini? Tukodi chombo gani? Mimi sijui kuogelea, itakuwaje? Mke wangu moyo humchafuka hata kwenye daladala, ataiweza bahari? Huko kisiwani kuna choo? (Hakuna.)

Mwongozo huu ni wa wenza ambao hawajawahi kutoka nje ya bandari, wawe maharusi walio kwenye fungate au watu wa miaka 20 ndani ya nyumba. Mpango ni wa siku 3: alasiri moja ndani ya ghuba ya Tanga hadi kisiwa cha Toten, asubuhi moja Maziwe, na jioni moja juu ya Mto Pangani. Msitarajie meli yenye vyumba na lifti. Hapa kuna mashua ya mbao au boti ya faiba, nahodha, baharia wake, na ninyi wawili.

Jambo moja linabeba mengine yote: tarehe ya safari hii huipanga mwezi wa angani, haiipangi barua ya ruhusa ya kazini. Wanaochukua likizo kwanza kisha wakaitafuta bahari ndio wanaofika Maziwe na kukuta maji matupu.

MNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

- Vitambulisho vya NIDA, vyote viwili. Nyumba ya wageni itavitaka, na viingilio vya hifadhi kwa raia ni nafuu kuliko vya mgeni, mradi uraia uonekane.
- Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu kwa siku, pamoja na dumu la lita 5 la akiba ambalo haliguswi.
- Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana. Simu, hela, dawa na nguo kavu zinakaa humo. Inashinda begi lolote, maana hata chombo kikipinduka inaelea.
- Shati la mikono mirefu kila mmoja, kofia yenye kamba ya kidevuni, kanga mbili au tatu, na mafuta ya kuzuia jua ya SPF 30 au zaidi. Kanga ni kivuli, taulo, pazia la kubadilishia nguo na bendera ya kuomba msaada.
- Viatu vya raba vinavyofungwa mguuni. Ndala hubaki kwenye matope, na ukikanyaga jiwe la matumbawe bila kiatu likizo imeisha.
- Miwani ya kuogelea na bomba la kupumulia. Ijaribuni dukani: ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, ikinata bila kushikwa, inakufaa. Ndevu na sharubu nene hupitisha maji.
- Dawa ya kuzuia kutapika, pamba, spiriti, bandeji, kibano kidogo.
- Hela ndogo ndogo taslimu. Mtandao wa pesa ya simu hugoma siku unayouhitaji.

HATUA

1. Anzeni na mwezi.

Maziwe ni fungu la mchanga mbele ya Ushongo, kusini mwa Pangani. Zamani lilikuwa kisiwa chenye mivinje; miti ikafa, mchanga ukaliwa, na tangu miaka ya 1980 maji yakijaa hufunika kila kitu. Kwa hiyo hamwendi Maziwe "kesho". Mnakwenda Maziwe maji yakipwa.

Hesabu ya wavuvi inatosha kupangia. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji ya pwani hii hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, ongezeni kama dakika 50. Mwezi 13, yaani siku ya 13 tangu mwezi kuandama, maji hupwa karibu saa mbili na nusu asubuhi; mwezi 15, karibu saa nne; mwezi 17, saa sita kasoro. Ukifika mwezi 22 au 23 mambo yamegeuka: saa nne asubuhi ndiyo maji yamejaa, na zaidi ya hapo ni maji mafu, ambayo hayapwi sana wala hayajai sana.

Siku zenu basi ni mwezi 14 hadi 18, au mwezi 29 hadi 3. Kwenye bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa Tanga hupita mita 3, na fungu hutoka lote. Hesabu hii inaweza kukosea nusu saa huku au huku, kwa hiyo mkishapata tarehe, ithibitisheni kwenye jedwali la maji na kwa nahodha mwenyewe. Swali la kumpima ni hili: "Nahodha, Jumamosi maji yanakupwa saa ngapi?" Akijibu bila kufikiri, yuko kazini. Akisema "wakati wowote tunakwenda," mshukuruni mwendelee kutafuta.

2. Kisha upepo.

Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba, na Juni na Julai bahari ya nje huwa nzito kwa mgeni. Kaskazi hushika Desemba hadi Machi. Bora zaidi kwa mara ya kwanza ni Oktoba na Novemba, kusi linapokata, au Februari na mwanzo wa Machi kabla ya masika. Kipindi cha kati, ambacho wazee wa pwani hukiita tangambili, bahari hulala lakini upepo hauna neno moja, sikilizeni nahodha.

Hata ndani ya msimu mzuri, asubuhi ni shwari kuliko alasiri. Siku mbili kabla, someni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo mkali na mawimbi. Kukiwa na tahadhari, safari ya Maziwe imeahirishwa, hata kama mmeshalipa. Wekeni siku moja ya ziada mwishoni mwa likizo kwa ajili hiyo tu. Wengi hawaweki, na ndipo wanaposukumana na nahodha atoke na bahari mbaya kwa sababu basi la kurudi ni kesho asubuhi.

Angalieni na kalenda ya watu. Ijumaa mchana mabaharia wako msikitini, hakuna chombo kitakachotoka mpaka baada ya swala. Mwezi wa Ramadhani safari zipo, ila msimtarajie mtu aliyefunga awapigie mbizi adhuhuri.

3. Tafuteni chombo, mkikague kwa macho yenu.

Tanga mjini ulizeni mwalo wa Deep Sea au Sahare. Pangani ulizeni kando ya mto au kwenye nyumba mnayolala. Nendeni wote wawili, asubuhi, boti zikiwa nchi kavu au maji yakiwa machache. Salamu kwanza: mzee anapewa shikamoo yake, kijana anaitwa kaka, ndipo biashara.

Angalieni haya. Leseni na cheti cha ukaguzi wa chombo kutoka TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini. Majaketi okozi kwa idadi ya watu wote, mabaharia wakiwemo. Ngama, yaani tumbo la chombo ambamo maji hukusanyika: chombo cha mbao kuwa na maji kidogo ni kawaida, lakini maji yakifika kifundo cha mguu asubuhi kabla hata hakijatoka, mbao zinavuja. Upo, yaani kata ya kutolea maji chomboni, uwemo. Nanga na kamba yake. Kamba fupi ni pambo, iwe angalau mara 3 hadi 5 ya kina cha maji mtakapotia nanga. Na njia ya pili ya kurudi nyumbani: mashine ya akiba, au tanga na mlingoti wake. Boti ya mashine moja bila tanga wala kasia inafaa ghubani, si Maziwe.

Mafuta yanapimwa kwa theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya balaa. Ombeni kuona dumu.

Sasa jaketi. Livaeni hapo hapo, fungeni mikanda yote, kisha mwenzako akushike mabegani mwa jaketi na kulivuta juu kwa nguvu. Likipanda likakufunika masikio, ni kubwa. Majini litapanda hivyo hivyo na wewe utabaki chini yake. Minyeni na sponji iliyo ndani: iliyokauka na kukatikakatika haimweki mtu juu ya maji. Jaketi kubwa linaua kimya kimya, maana anayelivaa hujiona salama. Asiyejua kuogelea ndiye achague kwanza.

4. Patanani kila kitu kabla ya kutoa shilingi.

Semeni mnakodi chombo kizima. La sivyo siku ya safari mtakuta fungate yenu ina wajomba wanane na ndoo ya dagaa. Ulizeni bei inabeba nini: mafuta, mabaharia, chakula, saa za kukaa, na kiingilio cha hifadhi. Kiingilio cha Maziwe ni cha serikali, hulipwa kwa kontroo namba na risiti hutoka. Kama nahodha anasema "nitawalipia mimi," sawa, lakini muione risiti. Lipeni nusu kwanza, nusu mkirudi. Kubalianeni pia kwamba bahari ikichafuka safari inahamishwa siku na malipo ya kwanza hayapotei. Likisemwa mapema halina ugomvi. Likisemwa ufukweni huku mawimbi yanapiga, lina ugomvi.

5. Siku ya kwanza: Toten, kama majaribio.

Msianze na bahari kuu. Kisiwa cha Toten kiko ndani ya ghuba, mbele ya mji wa Tanga, na maji yake yamekingwa. Jina ni la Kijerumani, la wafu, na kweli kuna makaburi, pamoja na magofu ya misikiti ya kale yaliyomezwa na vichaka. Tokeni kwenye saa nane mchana siku ya bamvua, maji yakijaa, ili chombo kisogee karibu na msikanyage matope ya mikoko. Muwe mmerudi kabla ya magharibi.

Safari hii fupi ina kazi tatu. Kwanza, kujua nani kati yenu moyo humchafuka. Pili, kujaribu jaketi ndani ya maji: kabla ya kupanda boti, ingieni pale ufukwe wa Raskazone, maji ya kifuani, mkilala chali na kujiachia mpaka mwili uamini kwamba unaelea. Dakika 20 zinatosha. Tatu, kumjua nahodha. Akikimbiza boti ghubani kujionyesha, ya Maziwe tafuteni mwingine.

6. Nendeni Pangani, mlale mapema.

Kutoka Tanga ni kiasi cha kilomita 50 kuelekea kusini. Mkiwa na muda, pitieni magofu ya Tongoni, yako njiani. Mnaweza kulala Pangani mjini, au kuvuka mto kwa kivuko hadi Bweni na kuendelea Ushongo, ambako ni karibu zaidi na Maziwe. Mjini na vijijini funikeni mabega na magoti. Vazi la kuogelea ni la ufukweni na la kisiwani.

Chakula cha usiku kiwe chepesi, na pombe iachwe. Anayechafukwa moyo anunue cinnarizine mapema na kumuuliza mfamasia: kwa mtu mzima kawaida ni 30 mg muda wa saa mbili kabla ya kupanda, halafu 15 mg kila baada ya saa 8 ikihitajika. Huleta usingizi. Mjamzito asinywe bila kumuuliza daktari. Kosa la karibu kila mtu ni kuimeza kichefuchefu kikishaanza. Wakati huo tumbo halipokei kitu, mnawalisha samaki.

7. Asubuhi: kula, kupanda, kukaa.

Kuleni saa moja au mbili kabla ya kutoka: mkate mkavu, muhogo au viazi vya kuchemsha, ndizi, chai ya tangawizi. Tumbo tupu linasumbua kuliko tumbo lenye kitu kidogo. Bajia na sambusa zisubiri mkirudi. Nendeni chooni wote wawili kabla ya kuondoka, maana hakuna choo botini wala Maziwe, na mwanamke aliyevaa dera na kanga kiunoni atapata wepesi kuliko aliyevaa jinzi.

Vaeni jaketi mkiwa bado nchi kavu. Boti husubiri maji ya magotini au ya kiunoni. Ndoo kichwani, mtu mmoja mmoja, na mnapanda baharia akisema, si kabla. Wimbi likiinua chombo, subiri kishuke. Usiweke mkono kati ya boti na boti hata kidogo.

Mkishakaa wote, tazameni ubavu: uwe umebaki juu ya maji si chini ya dhiraa, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Ukipungua, kimezidishwa, semeni.

Asiye na mazoea akae katikati kuelekea nyuma, chini, macho kwenye mstari wa mbali ambapo mbingu hukutana na bahari. Omo, yaani mbele ya chombo, hupiga na moshi wa mashine huchafua moyo, kwa hiyo mbele kabisa na nyuma kabisa pote si pake. Asiangalie simu. Picha apige mwenzake.

8. Maziwe.

Kutoka Ushongo kwa mashine ni kama nusu saa na kitu. Kutoka Pangani mjini ni zaidi, tena mnapita mlango wa mto, ambako maji yanayokupwa hugongana na mawimbi ya nje na boti huruka kidogo. Shikeni, itapita.

Fikeni muda wa saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa. Fungu linaanza kuota kama mgongo wa nyangumi, na ninyi ndio mnaokanyaga mchanga ambao bado haujakauka. Hakuna mti hata mmoja. Kivuli ni kile mlichokuja nacho: kasia mbili, kanga moja, kamba. Pakeni mafuta ya jua tena kila saa mbili, na baada ya kila kuoga; migongo na nyuma ya magoti ndipo huungua, maana mtu anayetazama matumbawe huwa kifudifudi.

Ingieni majini wawili wawili, upande anaoonyesha nahodha, mkianza kuogelea dhidi ya mkondo ili mkichoka uwarudishe botini. Watu hufanya kinyume: wanateleza na mkondo dakika 10 za raha, kisha wanahangaika nusu saa kurudi. Msisimame juu ya matumbawe. Yanavunjika, na jeraha lake huchelewa kupona.

Hili ni eneo tengefu. Hakuna kuvua, na hakuna kuokota kombe, kiti cha pweza wala kipande cha tumbawe kwa ajili ya kabati la sebuleni. Mkiona alama za kasa mchangani msichimbe, mwambieni nahodha; mayai yaliyotagwa hapa hayana maisha maji yakijaa, na watu wa Ushongo wamekuwa wakiyahamishia ufukweni kwao.

Nahodha akisema "tuondoke", mnaondoka. Maji hayafuniki upande mmoja tu. Hupita kotekote, na chombo huanza kugongwa na mchanga.

9. Jioni ya mwisho: mtoni.

Hii ni zawadi ya aliyeteseka Maziwe, kwa sababu mto hauna wimbi. Siku za bamvua tokeni kwenye saa tisa alasiri, mpande na maji yanayojaa, mikoko na minazi pande zote, mrudi jua likizama na maji yanayokupwa. Mashine inaweza hata kuzimwa mkateleza. Msitie miguu majini: Mto Pangani una mamba. Magharibi ikikaribia pakeni dawa ya mbu.

MAMBO YAKIENDA MRAMA

Mtu anatapika. Mgeuzeni demani, upande upepo unakokwenda. Anayetapikia joshini, upepo unakotoka, hurudishiwa zawadi yake yeye na wenzake. Mshikeni ukanda wa jaketi. Maji kidogo kidogo, kipande cha tangawizi, macho mbali. Akitapika mfululizo na kushindwa kuweka hata maji, rudini.

Mashine imezima. Nahodha atie nanga kwanza, kisha atengeneze. Chombo kisicho na nanga husukumwa nje wakati mnatazama plagi. Vaeni jaketi kama mlikuwa mmelivua. Piga simu kwa mwenye chombo, na ikibidi 112.

Chombo kimepinduka. Kishikeni. Chombo cha mbao hakizami upesi, na mtu anayeelea peke yake haonekani kwa mbali. Asijaribu mtu kuogelea kwenda nchi kavu, hata kama minazi inaonekana karibu.

Mwiba wa taa (yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani), au wa yule mdudu mweusi wa miiba mirefu. Toeni miiba inayoonekana kwa kibano, chovyeni mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyovumilika, nusu saa hadi saa moja na nusu. Mwenzake ayapime maji kwa mkono wake, maana mguu uliochomwa hauhisi vizuri na huungua. Mwiba uliozama, au ulioingia kifuani au tumboni, ni wa hospitali, msiuchomoe.

Konyeza, yule mdudu laini wa baharini mwenye nyuzi zinazowasha. Osheni kwa maji ya bahari, msitumie ya kunywa, na msisugue kwa mchanga. Uzi uliobaki utolewe kwa kibano.

Kichwa kinauma, mtu hatoki jasho, maneno yanachanganyika. Hilo ni jua. Mlazeni kivulini, kanga zilizolowa shingoni na kwapani, mpepeeni, na boti igeuze uelekeo wa nyumbani wakati huo huo.

Mmefika na fungu halijatoka. Ama mmewahi, ama ni maji mafu. Mkiwa mmewahi, subirini botini nanga ikiwa chini. Kama ni maji mafu, tazameni matumbawe kwa saa moja kisha mrudi, na mara nyingine rudieni hatua ya 1.

Mmoja wenu anaogopa na hataki kupanda. Asibembelezwe ufukweni mbele ya watu. Aliyebaki anakwenda mtoni jioni. Anayetaka Maziwe aende na nahodha, na bei ni ile ile.